Tulivyokanda Ndizi Kabla ya Fainali

Watu wa kwetu Mabira wakisema nilikuwa mchezaji wa kulipwa, sikatai, ila naomba niongeze kidogo. Nililipwa kweli. Timu ilikuwa ya shirika moja mjini Bukoba, na shirika liliniandika mtunza stoo, ingawa sikuwahi kushika ufunguo wa stoo yoyote. Kazi yangu ilikuwa beki wa kulia. Na kwa kuwa walikuwepo mabeki wa kulia wengine waliojua mpira, kazi yangu hasa ilikuwa kukaa benchi.

Nilianza mwaka 1978. Vita ikatusimamisha kabla sijazoea viatu, ilipokwisha tukarudi uwanjani. Mke wangu alibaki Mabira na migomba, kahawa na watoto. Siku moja mechi yetu ilitangazwa redioni, akakusanya majirani uani, akawachemshia maharage. Jina langu lilitajwa mara moja tu, wakati natolewa. Nilipokuja likizo aliniuliza kwa upole:

"Mtangazaji alisema umepumzishwa. Ulikuwa umechoshwa na nini?"

Goti langu liliharibika mazoezini. Hakuna aliyenigusa, niligeuka vibaya nikifuata mpira uliokuwa unatoka nje. Nikarudi nyumbani nachechemea, na kata ikanipa timu yake niifundishe na kuisimamia, kwa sababu nilikuwa nimetoka mjini. Vijana waliniita Mwalimu. Mke wangu aliniita Meneja. "Meneja, ng'ombe wa jirani yuko kwenye maharage." Sijui kama kuna siku alilitamka jina hilo bila kucheka.

Miaka ya tisini ilipoanza, akaugua. Tulimlaza hospitali ya Nyakahanga. Daktari alinitoa nje akaniambia, kwa sauti ya mtu mwema, kwamba zikipita siku chache nimrudishe nyumbani, akae na watu wake. Nilielewa. Nadhani mke wangu alielewa kabla yangu.

Wiki hiyo timu yangu ilikuwa imeingia fainali dhidi ya kata ya Bugomora. Sikutaka kwenda. Yeye ndiye aliyenifukuza.

"Utanikalia hapa kama kuku anayeatamia mpaka lini? Nenda. Uniletee ushindi mmoja, hata wa kata. Nimelima miaka yote hii nikiusubiri."

Sijawahi kuutaka ushindi kama nilivyoutaka huo, na hivyo ndivyo nilivyouharibu.

Wazee wa kijiji walikuwa wameamua tunywe lubisi, pombe yetu ya ndizi, baada ya mechi. Lubisi haitengenezwi siku ya kunywewa. Ndizi mbivu hutiwa kwenye bwato, ule mtumbwi wa mti, zikachanganywa na nyasi, wanaume wakazikanda kwa miguu mpaka juisi itoke, ndipo itiwe mtama na kulazwa. Nami nikakumbuka kocha wetu wa Bukoba, aliyetukimbiza kwenye mchanga wa ziwani ili mapaja yakomae. Sisi mchanga wa ziwa hatuna. Ndizi tunazo. Nikayaunganisha mambo hayo mawili, nikajiona nina akili.

Kwa kawaida watu hupokezana bwatoni. Mimi nilikataza kupokezana. Jumamosi yote timu nzima ilikanda, bwato hadi bwato, huku nimesimama pembeni na filimbi. Mzee wa jirani alitazama akashindwa kunyamaza.

"Mwalimu, hawa kesho wanacheza au wanazikwa?"

"Mzee wangu, haya ni mazoezi ya kisasa."

"Haya. Mimi sikusoma."

Asubuhi yake niliwaona vijana wangu wakitoka kanisani. Ngazi za kanisa walizishuka kinyumenyume, wameshikana mabega, kwa sababu mapaja yalikuwa yamekaza kama magogo. Nikawaambia yatalegea jua likipanda. Jua lilipanda. Winga wangu, kijana niliyemwita umeme, aliuona mpira unakuja, akausogelea kidogo, kisha akauacha upite kwa heshima, kama anayempisha mkwe. Mashabiki wa Bugomora walipiga kelele: "Wapeni viti! Jamani, wapeni viti!"

Tulifungwa nne bila.

Pombe nayo ilikuwa imeiva, na kwetu pombe haifichwi mgeni akiwa uani. Mgeni ndiye huanza. Kwa hiyo Bugomora walikaa wakanywa ushindi wao kwenye vibuyu vyetu, na nahodha wao akanipa mkono. "Mwalimu, mmekanda vizuri sana. Ndiyo maana uwanjani hamkuja."

Kesho yake tulidandia lori la kahawa kwenda Nyakahanga, mimi na vijana watatu walioomba kumsalimia mama. Njiani nahodha wetu akasema tutamwambia tumeshinda. Nikasema mimi kusema uongo siwezi.

"Wewe kaa kimya tu, Mwalimu. Hilo unaliweza."

Nikakubali. Walipatana kila kitu isipokuwa idadi ya mabao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Imekuwaje?"

"Tumeshinda, mama!"

"Ngapi?"

"Mbili bila," akasema golikipa.

"Tatu moja," akasema winga, wakati uleule.

Nahodha akakohoa. "Yalikuwa mengi, mama."

Mke wangu aliwatazama mmoja mmoja. "Basi mmeshinda mara mbili siku moja. Bugomora wana kazi." Kisha akanigeukia mimi. "Meneja?"

Nilikuwa nimejipanga ninyamaze. Lakini alikuwa amekonda sana, na macho yake ndiyo pekee yaliyobaki na ukubwa uleule.

"Nne bila," nikasema. "Tumefungwa. Niliwakandisha ndizi."

"Ndizi zipi?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye ngazi za kanisa alianza kutikisika, nikadhani ni maumivu. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi, ameshika tumbo, na muuguzi akaja mbio.

"Baba, umemfanyia nini mgonjwa?"

"Mwache, sista," mke wangu akasema. "Mwache aanze tena. Anza pale kwa mzee."

Nikaanza tena. Vijana walitazama sakafu. Jioni nilimsikia akimsimulia mama wa kitanda cha jirani, naye akasema tulifungwa tano. Kesho yake, kwa mwanamke aliyeleta uji, zilikuwa sita. Wote walicheka, naye alinitazama pembeni kuona kama nitamsahihisha.

Siku niliyomchukua kumrudisha nyumbani, wodi nzima ilijua kuwa Mabira wamefungwa tisa. Sikusahihisha. Nilimfunga kanga, nikambeba mpaka kwenye gari.