Boma la Kobe Chumbani kwa Mwende

Juzi nilipita kwa seremala hapa Kitengela, na harufu ya mbao ikanirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni. Baba alikuwa chumbani kwa dada yangu Mwende, akimjengea kobe wetu boma pana kuliko katoni aliyokuwa akilala jikoni. Alipiga misumari polepole. Alimwaga mchanga ndani, kisha akapunguza kimo cha ubao wa boma ulioelekea kitandani.

"Sasa unamwona?" alimuuliza Mwende.

"Namwona, Baba," dada alijibu bila kuinua kichwa kwenye mto.

Nilimuuliza Mama kama kobe ni mgonjwa, ndiyo maana anajengewa chumbani. Mama aliniambia ndiyo, akatoka nje. Nilimwonea kobe huruma sana. Hata tuliporudi kutoka kumzika Mwende, nilikimbilia chumbani kuona kama kobe amepona.