Ukuta wa Bunda Bado Umesimama

Kazi yangu ni kusimama. Moto ukiwaka, wenzangu hukimbilia mipira ya maji, ngazi na mitungi ya hewa. Mimi hutafuta mahali ninapoliona jengo lote, nikasimama hapo mikono mitupu. Navaa kizibao cha rangi isiyovaliwa na mwingine, ili hata aliyepaliwa na moshi ajue niko wapi. Sishiki maji. Nikishika mpira, macho yangu yatafuata mpira, na mimi nimewekwa pale niangalie paa na kuta zilizo juu ya vichwa vya wenzangu.

Jaribu kumweleza mama yangu hayo. Yeye ni wa kijiji cha ziwani, huko kwetu rasini, ambako nyumba ikiungua hata kikongwe hutoka na kikombe cha maji, na asiye na maji hubeba mchanga kwenye kanga yake. Anayesimama tu hakumbukwi kwa wema. Atasemwa msibani, atasemwa harusini, na wajukuu zake watasemwa pia.

"Yaani wenzako wanahangaikaga na moto, we unaangaliaga?" aliniuliza mara ya kwanza.

"Ndiyo, mama."

"Na wanakulipa?"

Alicheka mpaka akashika mbavu, akaita jirani aje asikie. Nilikasirika, maana mimi si mtu wa kutaniwa. Siku hizi natamani angecheka tena.

Zamani cheo cha afisa usalama hakikuwepo kituoni kwetu. Nilipoanza kazi Musoma, aliyelinda roho zetu alikuwa dereva wa gari la zimamoto, kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Pampu inazungushwa na injini ya gari, kwa hiyo dereva hubaki na gari lake, na anayebaki ndiye anayeona. Wetu alikuwa mzee kutoka Butiama, mfupi, mwenye kununa. Hakuna karatasi iliyosema yeye ni mlinzi wetu. Akiona paa linacheza alipiga honi ndefu mara tatu, nasi tulitoka mbio bila kuuliza.

Siku moja alichelewa. Tulikuwa kwenye karakana ya mbao, rejeta ikachemka, naye akainama kuitazama. Alipoinua kichwa ukuta ulikuwa umeshalala, na askari wetu wawili walikuwa chini yake. Baada ya mazishi, wakubwa wakaamua kwamba kwenye kila moto mkubwa lazima awepo mtu mmoja asiye na kazi nyingine yoyote ila kuangalia. Wakatafuta mwenye macho makali na asiyeogopa kuchukiwa, wakanipata mimi.

Nikapelekwa kozi. Mkufunzi alipenda sana kutuambia usipoziba ufa utajenga ukuta, alitwambia asubuhi na mchana, na tangu Bunda siwezi kuusikia msemo huo bila kuondoka chumbani. Nilirudi na kizibao, filimbi na mamlaka ya ajabu: nikisema watu watoke, wanatoka, na hata kamanda hanipingi pale pale. Mzee dereva naye akanipa timazi yake, ule uzi wa mafundi wenye chuma kizito mwishoni, wa kupimia kama ukuta umenyooka. Akanifundisha kuuinua mbele ya uso, kufumba jicho moja, na kuulinganisha na kona ya jengo kutoka mbali. Kona ikianza kuuacha uzi, ukuta unakuja.

"Ukuta unadanganyaga," alisema. "Uzi haudanganyi."

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa karibu saa sita mchana tulipoitwa kwenda Bunda kuwasaidia wenzetu. Ghala la pamba la mfanyabiashara mmoja lilikuwa linaungua tangu asubuhi. Kwenye gari nilikaa na rafiki yangu ambaye tulianza kazi mwaka mmoja, tukapanga chumba kimoja mtaa wa Mukendo na kula ugali wa sufuria moja mpaka kila mmoja alipooa. Aliniita Kichaa. Njia nzima, kuanzia Musoma tukipita eneo la Butiama, alikuwa ananitania kwamba nimebeba uzi kwenda kuzima moto.

Moto wa pamba ni moto mjinga. Ndimi za moto huzioni. Unaona moshi tu, mweupe, mzito, unaotoka polepole katikati ya marobota, na hauzimiki kwa kumwagiwa juu. Kibaya zaidi ni maji yenyewe. Pamba ikilowa inanenepa, inakuwa nzito, na nyaya za kufungia robota zikikatika kwa moto, mzigo wote unasukuma nje. Wenzetu walikuwa wamemwaga maji tangu asubuhi, na hawakuwa na la kufanya zaidi ya hilo. Nilipofika niliona ufa kwenye ukuta wa mbele, karibu na mlango pekee uliokuwa unaingilika. Ulianzia chini ya paa ukashuka mpaka kimo cha mtu.

Nikasimama ng'ambo ya barabara, nikainua timazi, nikafumba jicho. Umati ulikuwa mkubwa.

"Huyu naye anapiga ramli?" mwendesha bodaboda mmoja akauliza, watu wakacheka.

"Afande, pamba inasemaje?"

Niliwaacha. Kona ya ukuta ilikuwa imeuacha uzi kidogo sana, unene wa njiti ya kiberiti. Ndani walikuwa watu wanne na mpira mmoja, rafiki yangu akiwa mbele yao.

Ndipo akaja yule mama. Alikuwa na hotipoti ya chakula mkononi, ameifunika kwa kitambaa, kama anayekwenda kwenye shughuli zake za kila siku, na ndivyo ilivyokuwa. Mumewe alikuwa mlinzi wa usiku wa ghala lile. Kila mchana alimletea chakula.

"Mme wangu yuko wapi?" akauliza mtu wa kwanza aliyemwona, na mtu huyo nilikuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama.

Mtunza ghala akadakia kwamba mlinzi alitoka asubuhi, alimwona kwa macho yake akielekea stendi kunywa chai.

"Alirudi," mama akasema. "Mchana analalaga mle ndani, nyuma ya pamba, ndiko kuna baridi. We unajua analalaga mle."

Mtunza ghala akatazama chini. Nikampigia kamanda redio, kamanda akawapelekea habari walio ndani, na rafiki yangu akaanza kutambaa kwenda nyuma ya marobota. Niliinua tena timazi. Njiti ya kiberiti ilikuwa imekuwa kidole. Nilifuta macho, nikaangalia upya, nikabadilisha mguu, nikaangalia tena. Ilikuwa kidole. Ufa nao ulikuwa umeanza kudondosha vumbi la matofali.

Nilipuliza filimbi na kunyoosha mkono, na dereva wa siku ile akapiga honi ndefu mara tatu.

Watatu walitoka mara moja. Rafiki yangu alitoka wa mwisho, akanikodolea macho, akavua barakoa ya hewa.

"Nimemsikia. Anakohoa. Yuko hatua kumi, kumi na mbili. Nipe dakika mbili."

"Ukuta unakuja."

"Kichaa, nakwambia anakohoa!"

Kamanda alikuwa amesimama katikati yetu. Angeweza kusema neno, na mpaka leo sijui kama namlaumu au namshukuru kwamba hakulisema. "Afisa usalama ndiye anayeamua," alisema, akanitazama. Watu wote wakanitazama, na waliokuwa wanacheka hawakuwa wanacheka tena.

Yule mama akashika kizibao changu kwa mkono mmoja. Hotipoti ilikuwa bado kwenye mkono wa pili.

"Afande, mwachie aingie. Amesema amemsikia. Mwachie."

Nikasema hapana. Nikarudia kwa sauti, ili wote wasikie. Nilikuwa nawaona wale wawili wa karakana ya mbao, jinsi tulivyowatoa. Nilikuwa namwona mke wa rafiki yangu, ambaye mimi ndiye niliyemsimamia harusi yake. Nilijiambia heri nusu shari kuliko shari kamili, na hata wakati najiambia hivyo nilijua nusu ile ni mtu mzima, mwenye mke aliyeshika nguo yangu.

Tulizunguka nyuma kutoboa ukuta ule mwingine. Tuliondoa tofali moja moja, kwa sababu ndio uliobeba paa, na mimi ndiye niliyewakataza kutumia nyundo kubwa. Ilituchukua muda mrefu kuliko dakika mbili, muda mrefu mno. Tulipompata mlinzi hakuwa na jeraha hata la kucha. Alikuwa amelala kwenye magunia, koti lake la lindo ameliweka kichwani kama mto. Moshi tu ulimmaliza.

Na ukuta haukuanguka.

Nilikaa pale mchana wote nikiungoja. Nilisimama mahali pangu na timazi yangu, nikiuomba uanguke, sioni aibu kusema hivyo. Jua lilielekea kuzama, moshi ukapungua, ukuta ukabaki umeinama kidole kile kile. Mama alikuwa ameshachukuliwa na ndugu zake. Hotipoti ilibaki kwenye ukingo wa barabara mpaka mtu akaiokota.

Nilipata barua ya pongezi. Iliandikwa kwamba kwa umakini wangu hakuna askari aliyeumia, na ni kweli. Rafiki yangu alinipa mkono kituoni mbele ya watu. Tangu siku ile haniiti Kichaa. Ananiita afande, kwa heshima zote, na akimaliza salamu anaondoka. Nimejaribu kumkasirisha ili anitukane, nimeshindwa.

Nilikwenda Butiama kumwona mzee dereva, aliyestaafu zamani na sasa anafuga ng'ombe. Nilitaka aniambie nilifanya sawa. Alikuwa anamnywesha ndama dawa, akanipa kazi ya kumshika shingo, nikamweleza yote nikiwa nimeinama hivyo.

"Unasema bado umesimama?" akauliza.

"Bado."

Alimaliza dawa, akamwachia ndama, akafuta mikono kwenye suruali. "Mimi nilichelewa, we uliwahi," alisema. "Na wote hatulalagi." Kisha akaniuliza bei ya samaki Musoma.

Siku hizi napita Bunda mara kwa mara kukagua magodauni na stendi. Paa la ghala lile lilishatolewa na kuta tatu zikabomolewa. Ule wa mbele umebaki, kwa sababu mwenye ghala na ndugu zake wanagombea kiwanja na kesi haijaisha. Umepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Kila nikipita ninautazama kabla ya kutazama kitu kingine, na kila mara kuna sehemu ya moyo wangu inayotumaini kukuta kifusi.

Mwezi uliopita nilikuta kibanda. Mabati manne na miti miwili, na nyuma yake, badala ya ukuta wa kibanda, ni ule ukuta wenyewe. Mtu alikuwa anakaanga vitumbua. Niliposhuka kwenye gari nilimtambua kabla hajageuka. Juu ya ile X nyekundu, kwenye msumari, alikuwa ametundika koti la mumewe.

Nilimwamkia, akaitikia bila kushangaa. Nikatoa timazi mfukoni, ninatembea nayo, nikarudi nyuma hatua kadhaa na kuuinua uzi. Wateja wawili wakatazamana. Kidole kilikuwa kimekuwa viwili.

"Mama," nilisema, "ukuta huu si mzuri. Utaanguka. Nakuomba uhame, hata leo. Nitakusaidia kubeba vitu."

"Hivyo hivyo ulisema siku ile, afande."

Nikasema ni kweli, nilisema. Nikamwambia nitakwenda ofisini, nitaandika, nitaleta watu. Nilisikia sauti yangu ikipanda, sauti ile ya kutoa amri, na yeye alikuwa anageuza vitumbua kimoja baada ya kingine kwa kijiti. Alipomaliza aliniangalia. Hakuwa na hasira, ningejua la kufanya na hasira.

"Mi nakaaga hapa naungoja," alisema. "Ukianguka nitajua hukunidanganya."

Akanimiminia chai bila kuniuliza, akaweka vitumbua viwili kwenye sahani ya plastiki. Nafasi pekee iliyobaki kwenye benchi ilikuwa kando yake, chini ya lile koti. Kwa miaka yote nimeuombea ukuta ule uanguke, na sasa sina hata ruhusa ya kuomba hilo. Nikazungushia uzi kwenye chuma chake, nikautia mfukoni, nikaketi na kuegemeza mgongo wangu ukutani.

Matofali yalikuwa na joto la jua. Nilikunywa chai yangu mpaka ikaisha, akaniongezea.