Uzio Usio na Mlango

Ussi Mkadam alikuwa na miguu mitatu: mmoja mzima, mmoja mbovu, na wa tatu baiskeli. Mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo, na akisema hucheka mpaka kofia imdondoke. Ule mbovu uliharibika ujanani, alipoporomoka mnazini, goti likakataa kupona. Akitembea mwendo wa nusu saa goti lilifura kama dafu. Lakini mpandishe juu ya baiskeli yake ya Kichina, utamtafuta kwa vumbi.

Sasa, kati ya Kanga, kijiji cha ujamaa alikohamia, na kule pwani ya mashariki alikobaki mama yake kulikuwa na msitu. Zama za mkoloni msitu ule ulikuwa na mwenyewe, na ukikutwa umeokota hata ukuni ulikiona cha mtema kuni. Ulipokuja Uhuru watu wakaambiwa msitu ni wa umma. Ussi neno lile alilipokea kwa mikono miwili. Umma si ndiye yeye? Akatwaa panga, na kwa viangazi viwili akafyeka njia ya baiskeli peke yake, akang'oa visiki, akafukia mashimo, na penye bwawa akatandika magogo. Kuzunguka kwa barabara ilikuwa kutwa nzima. Kwa njia ya Ussi, saa moja tu umefika.

Kila Ijumaa baada ya swala alikwenda kumwona mama yake. Bimkubwa, ndilo jina lake, alikataa katakata kuhamia kijiji cha ujamaa. "Siwaachi maiti wangu," alisema, na viongozi walipomwona anakaza uzi wakamwachilia pamoja na vikongwe wenzake. Mume alikuwa amekwisha kufa, kaka hana, na mtoto ni huyo Ussi mmoja.

"Nakuusia, mwanangu," alikuwa akimwambia kila mara anapomtilia chai. "Siku yangu ikifika, uingie kaburini unipokee wewe. Nisishikwe na mtu baki."

"Inshallah, mama. Nitakushika mimi."

"Usije ukachelewa."

"Na baiskeli hii? Nichelewe vipi?"

Basi mwaka wa sabini na tano nazi za shamba la kijiji zikaanza kupotea. Nyayo hazikuonekana, zilionekana alama za magurudumu, zinaingia msituni. Tena masika yale baiskeli zilikuwa zimechimba njia ikawa mifereji, maji yakashuka nayo mpaka kwenye mihogo ya umma. Ukaitishwa mkutano. Mwenyekiti akauliza, baiskeli zipigwe marufuku msituni au zisipigwe?

Watu wote wakamgeukia Ussi. Ni njia yake ile, nani asiyejua? Na hapo, jamani, ndipo sifa zilipompanda kichwani. Akasimama na mguu wake mbovu, akasema mali ya umma ni kubwa kuliko njia ya mtu mmoja. Akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Akapigiwa makofi, na makofi matamu! Marufuku ikapita, na papo hapo akajitolea kujenga uzio mwenyewe.

"Na mgonjwa je?" akauliza Mwanamkuu, mkunga wa kijiji. "Mzazi akitaka kupelekwa? Weka mlango, kaka Ussi, ufunguo akae nao mlinzi."

"Mlango ni rafiki wa mwizi, dada," akajibu Ussi, na makofi yakarudi.

Uzio aliujenga kwa siku tisa, pale njia inapobanwa na bwawa huku na miiba kule. Aliuchimbia magogo ya mikoko, gogo kwa gogo, marefu kupita kimo cha mtu, juu akayachonga ncha kali ili mwizi asirushe mzigo. Akaacha upenyo mmoja uliokwenda upogoupogo, mtu hupita kwa ubavu, baiskeli haipiti. Aliutikisa kwa mabega, haukucheza. Alifurahi sana siku ile.

Tangu hapo ziara za Ijumaa zikawa za mwezi kwa mwezi, kwa kuzunguka barabarani. Bimkubwa hakulalamika. Alimtania tu: "Siku hizi umma umekuwa mke mwenza wangu?" Ussi alicheka, lakini njiani alirudi kanyong'onyea.

Siku ya siku, ilikuwa Jumatano, adhana ya adhuhuri imekwisha, akatokea mzee mmoja kwa miguu kutoka ng'ambo ya msitu. Alikuwa ametembea saa tatu. "Ussi, mama ametangulia alfajiri. Maziko alasiri."

Ussi hakulia. Alihesabu. Alasiri bado saa tatu, baiskeli saa moja. Akapanda akakanyaga, na ni mpaka alipouona uzio mbele yake ndipo alipokumbuka kuwa upo. Hebu fikiri! Ameujenga kwa mikono yake, na msiba ulikuwa umemfutia kichwani.

Zamu ya ulinzi ilikuwa ya Iddi, kijana wa mgambo. Aliposikia habari alitupa kirungu chini. "Pita, mzee! Sheria gani leo?"

"Nipite wapi, Iddi?"

Wakaiingiza baiskeli kwenye upenyo, usukani ukakwama. Wakaitoa, wakainyanyua wairushe kwa juu, gurudumu likanasa kwenye ncha, wakavuta, mnyororo ukakatika na spoku zikapinda. Iddi akashika panga akakata. Mkoko mkavu, panga linaruka! Ussi naye akakata, jasho na machozi vimechanganyika, akilitukana kila gogo, na magogo yalikuwa yamechimbiwa na fundi. Gogo moja tu likakubali kuanguka, na kivuli kilikuwa kimekwisha kurefuka.

Akatupa panga, akapenya kwa ubavu, akaenda kwa miguu. Alikimbia kwa mguu mmoja na kuuburura wa pili. Goti lilipokataa kabisa alikata fimbo. Alipofika makaburini watu walikuwa wanamwagia maji udongo.

Walimngoja, hawakufanya makusudi. Walichelewesha mpaka mwalimu wa chuo cha Kurani akasema maiti hacheleweshwi tena. Pale palikuwa na wazee wengi wasioweza kuingia shimoni, na wanaume wachache wenye nguvu. Mwalimu akaulizia, kama ilivyo desturi maiti akiwa mwanamke asiye na maharimu, yaani ndugu wa damu wa kumshika, nani miongoni mwao hakumkaribia mkewe usiku uliopita. Wanaume wakatazama chini. Ndipo akatoka mvuvi mmoja wa dago, mtu wa Kilwa, aliyekuja kambi hiyo ya wavuvi kwa msimu na mkewe kamwacha kwao. Hakuna hata aliyelijua jina lake. Huyo ndiye aliyeshuka akampokea Bimkubwa.

Ussi alikaa matanga siku tatu. Siku ya nne akajikongoja mpaka dago, akauliza, akaonyeshwa mtu anayeshona nyavu.

"Shikamoo, mzee," akasema yule mvuvi.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyempokea mama yangu?"

Mvuvi akasimama, wavu ukamdondoka. "Ndiye mimi. Naitwa Matano. Nisamehe, mzee. Tulikungoja sana."

"Sikuja kugombana, mwanangu. Nimekuja kuuliza. Alikuwa mzito?"

"Hapana. Alikuwa mwepesi mno. Nilimshika taratibu."

"Ukamlazaje?"

"Ubavu wa kulia. Nikafungua kamba za sanda, shavu nikaligusisha mchanga. Nilimwekea tonge la udongo nyuma ya mgongo asilale chali."

Ussi akaitikia kwa kichwa. Yote yalikuwa sawa, hata yeye asingefanya zaidi.

"Nipe mikono yako," akasema.

Matano akaitoa. Ilikuwa imechubuliwa na kamba, inanuka samaki. Ussi akaishika yote miwili, akajiwekea usoni, na hapo ndipo alipolia, kilio cha mtu mzima, mpaka kambi nzima ikaacha kazi. "Mama, nilikwambia nitakushika mimi," alisema ndani ya viganja vya yule mtu baki. Matano hakuivuta mikono yake. Alisimama hivyo hivyo mpaka mzee alipomaliza.