Mwongozaji Aliyeniharibia Mauzo

Nilimfahamu Subiri siku alipokuja kukagua nyumba niliyokuwa nauza. Jina hilo alibandikwa na wapiga picha wake: mwigizaji akishamaliza kusema, wao wakitaka kuzima kamera, yeye husema, "Subiri." Alikuwa mwongozaji wa filamu za mizimu, mimi dalali. Nikamwonyesha dari lililobonyea na chumba cha nyuma chenye giza hata mchana.

"Hapa mzuka wako atakaa raha mustarehe," nikamwambia.

"Mzuka hana shida, kaka. Nani humu hasemi na nani?"

Swali la kimbea, lakini alilipata kazini. Miaka mingi alipiga video za harusi, akajua kwamba ukiwatazama ndugu wanaokwepana kwenye picha ya pamoja, hadithi unayo tayari.

Na jibu lilikuwa sebuleni. Nyumba ilikuwa ya urithi, wenyewe wawili: kaka fundi saa na dada yake mwuguzi. Tangu baba yao azikwe walisemeshana kupitia mtu wa tatu tu, na sasa mtu huyo nilikuwa mimi, nao wamesimama bega kwa bega.

"Dalali, mwambie huyo asifungue dirisha, vumbi linaingia."

"Dalali, mjibu kwamba vumbi alilikuta humu humu."

Subiri aliitaka nyumba hiyo aikodi kwa kupigia filamu, si nyingine. Bila ridhaa ya wote wawili, filamu yake ingefia kwenye karatasi. Mwingine angewabembeleza. Yeye aliwakalisha mezani, akavuta na kiti kitupu, akawasimulia: ndugu walionuniana wanakula, na kila mmoja anamtuma marehemu baba yao. "Baba, mwambie anipe chumvi." Siku moja chumvi inasogea.

Fundi saa akasimama. "Unatuchora sisi!"

Nikajua biashara imeota mbawa. Subiri hakutikisika.

"Ndiyo, nawachora. Chumvi ikisogea tu, watu watacheka. Ikisogea kwa sababu baba amechoka kutumwa, watatetemeka. Ila sijui yeye angesema nini. Nyie ndio mnamjua."

Nilitaka kutia neno, akaninyooshea kiganja.

"Angesema, mna mikono, chukueni wenyewe," dada akatamka, ameikaza sauti kama mzee.

"Na angekohoa kwanza," kaka akamwambia. Akamwambia yeye, si mimi.

Nyumba akapewa. Filamu ilijaza ukumbi. Kikohozi kilipotoka kwenye kile kiti kitupu, jirani yangu, baba mzima na kitambi chake, alinikumbatia.

Upande wangu, ndugu wale waliiondoa nyumba sokoni. Kaka alihamia chini, dada juu, wakawa wanagombana kwa midomo yao wenyewe. Mnunuzi niliyemwandaa akaenda zake na udalali wangu ukaenda naye. Nikamfuata Subiri kumlalamikia, nikatoka na kazi ya kumtafutia nyumba za filamu zake zote. Faida yake haifikii ya kuuza, lakini hunirudia kila anapoanza filamu mpya. Yeye alinibana kwenye bei, mimi nikambana kwenye masharti: hakuna dalali mwingine atakayemtafutia nyumba.