Leso ya Shingoni mwa Bi Mwanaidi

Kaniki mpya ina harufu yake. Inapokunjuliwa mara ya kwanza hutoa harufu kali ya rangi na wanga, na ukiivaa siku ya jua jasho huitoa rangi, ukivua unajikuta una mabega ya buluu. Katika utoto wangu, Wadachi, yaani Wajerumani, walipokuwa wakitawala, Rumonge haikuwa mji bado. Kulikuwa na safu mbili za nyumba za udongo karibu na ziwa, soko la mchangani, na michikichi kuanzia nyuma ya nyumba mpaka mlima unapoanzia. Sokoni ungejua mtu ametoka wapi kwa kutazama alichovaa. Watu wa milimani walishuka wamevaa magome ya mti yaliyopondwa mpaka yakalainika, wavuvi walijifunga kipande kiunoni, wake wa askari walipita na leso za maua zilizotoka pwani. Sisi tulioitwa Waswahili, watoto wa wanaume wa Ujiji na Manyema waliooa Warundi, tulivaa merikani, shuka za pamba zisizotiwa rangi, na kaniki.

Nilikuwa na miaka kama kumi na mmoja, na mwaka ule mwili wangu ulirefuka ghafla. Mabega yalichongoka, mikono ikawa haina pa kukaa. Baba, aliyekuwa akipeleka mawese Ujiji kwa mtumbwi, aliniletea merikani mpya. Nilijifunga kama walivyojifunga wasichana wenzangu, nikaenda ziwani kuteka maji, nao wakacheka mpaka mmoja akaketi mchangani. Walisema nimefanana na mlingoti uliotundikwa tanga. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama sitaivaa tena. Mama alikuwa mtu wa milimani, alilelewa katika nguo za magome, na hakuona kisa cha kulia.

"Nguo ni ya kufunika mwili," alisema. "Huu wako umefunikwa. Unataka nini tena?"

Sikujua ninachotaka. Aliyejua ni jirani yetu, Bi Mwanaidi, mjane aliyezaliwa Ujiji na ambaye riziki yake ilikuwa kushona kofia. Nguo zake zilikuwa chache kuliko za wake wa askari, lakini akipita sokoni watu walinyamaza kidogo. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye ngozi nyeupe kiasi, na kila alichojifunga kilionekana kama kilifumwa kwa ajili yake. Alinikuta nyuma ya nyumba nimejikunyata na merikani yangu, akaniinua kwa kidevu.

"Weye mutoto, unavaa mwili wa mwenzako," aliniambia. "Wale iko wafupi. Weye iko murefu. Usiifunge juu kifuani, inakukaba. Ishushe, ipitishe bega moja, iache ianguke." Akanivalisha upya kwa mikono yake, akarudi nyuma kunitazama. "Na hii shingo, usiifunike hata siku moja. Ndiyo pambo ulilopewa."

Baadaye alitia merikani ile katika maji ya unga mwekundu wa mti wa mkurungu, ikatoka na rangi ya udongo baada ya mvua. Siku niliyoivaa hakuna aliyecheka. Tangu hapo nilikuwa kwake kila nilipomaliza kazi za mama. Alinichukua mpaka mahali mitumbwi inapofikia, tukakaa juu ya magogo, yeye na kofia yake mkononi, mimi na macho yangu. Alinifundisha kutazama. Mwanamke wa Ubwari, ng'ambo ya ziwa, akishuka mtumbwini, aliniuliza, "Huyu umemupendea nini?" Nikisema nguo yote, alikataa. Alitaka niseme kitu kimoja tu: pindo, namna alivyokunja kiunoni, rangi mbili alizozikutanisha. "Chukua kimoja," alisema, "uende nacho nyumbani, ukijaribishe kwako. Kikikataa, mwachie mwenyewe." Hayo ndiyo masomo niliyopata utotoni ukiacha Kurani, na niliyapenda kuliko kitu chochote.

Masika yaliyofuata habari za malale zilikuwa kila mahali. Watu wa Magara, majirani zetu wa ufuoni, walikuwa wakisinzia mchana, chakula kikiwa mkononi, na baadhi yao hawakuamka. Wadachi waliamuru wanaume wafyeke vichaka vyote vya kando ya ziwa kwa sababu ya mbung'o wanaoeneza ugonjwa huo, na daktari wao alianza kuzunguka na askari, akipapasa watu shingo. Aliyekutwa na vivimbe, dalili ya malale, alipelekwa kambini kwao, mwendo wa siku mbili kufuata ufuo. Mpaka wakati ule hatukuwa tumemwona aliyerudi.

Ni katika masika hayo Bi Mwanaidi alipoanza kufunga leso shingoni. Ilikuwa leso ya rangi ya zabibu, ameizungusha mara mbili, ncha moja ikilala mgongoni. Sijawahi kuona kitu kilichompendeza mtu vile. Watu wazima walikuwa na hofu zao, labda walielewa, labda hawakutazama. Mimi niliona mtindo. Niliona pia kwamba aliniambia nisifunike shingo, naye anafunika yake, nikadhani amenificha kilicho kizuri zaidi. Nilichana kipande cha kaniki, nikakizungusha mara mbili, nikaenda kumwonyesha.

Alikivuta kile kitambaa kwa nguvu hata kikanichubua, akakitupa jikoni penye moto. Kisha akaniambia niende kwetu. Siku nzima nililia kwa hasira. Mtu aliyenifundisha kuchukua kitu kwa wenzangu alikuwa amenikataza kuchukua kwake, na sikuona sababu nyingine ila wivu. Nikachana kipande kingine. Safari hii nilikivaa sokoni, mbali na macho yake, na wasichana wale wale walionicheka wakanifuata. Kabla ya mwezi kuisha tulikuwa sita au saba wenye vitambaa shingoni, na mimi ndiye niliyewafunga.

Daktari alifika Rumonge asubuhi moja, watu wakapangwa mstari sokoni. Bi Mwanaidi hakuja. Siku zile alikuwa akishinda ndani, na mzee wa mji alisema watu wote wamekwisha kufika. Karani wa daktari, mtu wa Tabora aliyesema Kiswahili kizuri, alipotufikia sisi wasichana alisimama. Alituamuru tufungue vitambaa, daktari akatupapasa mmoja mmoja, hakupata kitu. Karani akacheka, akainama mbele yangu.

"Mmenitisha bure," alisema. "Nani kaanzisha pambo hili hapa?"

Mama alikuwa nyuma yangu. Nilihisi mkono wake ukinigusa mgongoni. Ningeweza kusema ni mimi, na ingekuwa nusu ya kweli. Lakini nilikuwa bado na hasira, na nilitaka watu wajue kwamba Bi Mwanaidi ananyima watoto.

"Bi Mwanaidi," nilisema. "Yeye halivui hata akiwa ndani."

Karani aliacha kucheka. Alimgeukia daktari, wakasemezana, kisha askari wawili wakaulizia nyumba.

Walimleta akitembea mwenyewe. Mbele ya soko zima aliifungua leso kwa mikono yake, taratibu, kama anayeikunja kuiweka sandukuni, na pale nyuma ya shingo nikaviona vivimbe viwili kama mbegu za mchikichi. Waliondoka naye siku ile ile pamoja na wengine wanne. Alimwachia mama kofia alizokuwa hajamaliza. Mimi hakunitazama. Usiku wala mchana mama hakunipiga, hakunikaripia, na hilo lilikuwa zito kuliko fimbo.

Alirudi baada ya miezi mingi, akiongozwa kwa fimbo na mwanamke mwingine wa kambini. Sindano za dawa alizochomwa kule zilikuwa zimemla macho. Wenyeji wa nyumba aliyofikia walimvika gauni la merikani alilopewa kule, nao wakaligeuza ndani nje, mishono ikitazama watu. Nilikaa siku tatu bila kuthubutu. Siku ya nne nilikwenda, nikapiga hodi, nikaanza kulia kabla ya kuketi. Nilimwambia gauni limegeuzwa, anipe nafasi nimvalishe vizuri.

"Ni weye," alisema. "Walinambia njiani nani alinitaja."

"Sikujua, Bi Mwanaidi. Naapa sikujua."

"Hukujua kama ninaumwa. Lakini ulijua kama unanichongea." Uso wake ulielekea mlangoni, mahali nisipokuwapo. "Kama limegeuka, atakuja mwingine kuligeuza. Mikono yako sitaki. Enda kwa mama yako."

Nilikwenda. Nilirudi mara mbili nyingine, na mara zote mbili aliniambia maneno hayo hayo bila kupandisha sauti. Malale hayakuwa yamemtoka. Alianza tena kusinzia, na mvua za vuli hazikumkuta. Wanawake walipokwenda kumwosha na kumkafini, mama alikwenda. Mimi niliachwa nikilinda chungu jikoni.

Wadachi waliondoka, Wabelgiji wakaja, nao sasa wameondoka. Mahali palipokuwa na kambi panalimwa muhogo. Maduka ya Rumonge yamejaa vitenge mpaka nje, mafundi wa cherehani wamekaa barazani wamegusana viwiko, na msichana wa leo ana nguo nyingi kuliko alizopata kuwa nazo mke wa askari. Bado hajui avae nini. Wajukuu zangu wanakuja, na majirani wanawaleta binti zao kabla ya harusi, nami nawasimamisha mlangoni penye mwanga na kuwaambia hii yakufaa, ile inakuzeesha, ishushe hapo, iache ianguke. Sijawahi kukosea sana. Wanasema Bibi amejaliwa jicho, wananishukuru, wengine wananiletea sukari. Nimezipokea shukrani hizo miaka hamsini, na sijamtajia hata mmoja wao jina la mwanamke aliyestahili kuzipokea.