Mafuta ya Mama Yaliyogeuka Sabuni

Nyinyi wa rika langu mliokulia upande huu wa Kajiado, mtanisahihisha nikikosea. Tulipokuwa wadogo, sabuni haikuwa kitu cha kutuma mtoto dukani. Duka lilikuwa mwendo wa nusu siku, na ukifika unakuta mwenyewe amefunga, ameenda mazishi. Sabuni ilipikwa nyumbani, na kwetu aliyejua kuipika ni koko, nyanya yangu mzaa baba, mwanamke mfupi aliyekuwa na maneno makali kuliko moshi wa kuni mbichi.

Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka subira. Unachoma kuni za mgunga mpaka zibaki jivu jeupe. Unatoboa debe chini, unatandika nyasi kavu, unajaza jivu, kisha unamwaga maji ya mvua polepole. Yanayodondoka chini yana rangi ya chai ya rangi, na si ya kuchezea, yanachubua ngozi. Koko alitumbukiza unyoya wa kanga. Ukiyeyuka, maji yako tayari. Ukitoka mzima, unayarudisha juu ya jivu. Halafu unayachemsha na mafuta ya mnyama, moto mdogo, mkono haupumziki, mpaka mwiko uache njia nyuma yake. Unatia chumvi, sabuni inapanda juu kama utando wa maziwa. Ikiganda unaikata, unaiweka kivulini wiki nyingi ipoteze ukali. Ilinuka kondoo, sikatai. Lakini ilitoa mpaka uchafu wa mwaka jana.

Mimi nilikuwa darasa la tatu, na nilipenda shule kuliko maziwa. Kila Jumatatu mwalimu alitupanga mstari akakagua kola moja moja, na kidole chake kilikuwa kirefu. Mara mbili alinirudisha nyumbani. Mara ya tatu akasema, mbele ya wote, "Ukija tena na shingo hiyo, usisumbuke kurudi."

Sasa angalieni shida yangu. Sabuni ilikuwa imeisha. Koko alikuwa ameenda Bissil kumtembelea ndugu yake. Na ukame wa mwaka huo ulikuwa umekondesha kondoo mpaka mikia. Mafuta yaliyobaki nyumbani ni yale ya kibuyu kilichoning'inia juu ya kitanda cha mama, na mama alikuwa mjamzito. Kwetu Wamaasai, mwanamke akijifungua hunyweshwa mafuta ya kondoo, ndiyo humrudishia nguvu. Nilijua. Lakini mtoto wa miaka tisa anajua na hajui. Nilimwona mama bado anabeba maji kutoka mtoni, nikasema moyoni, siku yake iko mbali, mvua itanyesha, kondoo watanona.

Jumamosi alipoenda mtoni, nikashusha kibuyu.

Nilipika peke yangu, kama nilivyomwona koko akifanya, na ilikubali! Sikungoja ipumzike, nani angengoja? Nilifua shati langu Jumapili mpaka vidole vikawa vyekundu kama nyama. Jumatatu mwalimu aliweka kidole kwenye kola yangu, akakiangalia, akapita. Siku hiyo nilikaa darasani nimenyoosha shingo kama twiga.

Nilirudi jioni nikakuta koko amerudi, na mama amejifungua mtoto wa kiume. Koko alikuwa ameshika kile kibuyu, amekipindua, anakigonga kwa kiganja. Hakikutoa hata tone. Akaniangalia mimi, akaangalia shati langu jeupe, hakuhitaji kuuliza.

"Kumbe wewe unaweza kupika," alisema. "Sasa mwambie mama yako anywe povu."

Baba hakunichapa. Afadhali angenichapa. Alienda zizini akamtoa kondoo dume mmoja, yule pekee aliyekuwa na mkia wa maana, yule aliyekuwa anangoja siku ya soko ili auzwe nilipiwe shule. Nilimwona akipita naye mbele yangu, anamvuta polepole. Akasimama kidogo akasema, "Masomo yako yanaingia kwenye sufuria, binti yangu. Usilie, umeyaweka mwenyewe."

Mama alikunywa mafuta, akapona. Mimi masomo yangu yakaishia hapo, nikiwa msafi kuliko darasa lote.

Nililia mwezi mzima. Asubuhi niliwaona wenzangu wakipita na madaftari, nikajificha nyuma ya boma. Koko ndiye aliyenitoa huko. Hakunipa pole, hakuwa mtu wa pole. Alinisukumia kigoda, akasema, "Kaa hapa. Shika mwiko." Nilikaa kando yake miaka sita. Huko ndiko nilijifunza sabuni vizuri, kuhesabu, kupima mtu kwa macho, na kunyamaza mahali pa kunyamaza. Nilipokuja Kitengela nikiwa kijana niliwauzia wakata mawe wa machimbo sabuni yangu, na mawe ya nyumba hizi ninazopangisha yalitoka kwenye mikono niliyoisafisha. Sina cheti. Niko na geti.

Juzi mpangaji wangu, msichana anaitwa Mercy, alinikuta napika nyuma ya nyumba. Mume wangu alishafariki, watoto wako mbali, nami huipika tu, mazoea. Akaleta simu. Wao nyanya humwita shosh.

"Shosh! Hii kitu itauza vibaya sana mtandaoni. Nifundishe, mimi ni biginaa kabisa, sijui kitu."

"Vua hizo kucha kwanza," nikamwambia.

Alicheka, akavaa glavu. Na hapa nikiri jambo. Uji wa sabuni ulikuwa umeshaiva, mwiko ukiacha njia vizuri, lakini nilimwambia bado, koroga tu. Tukakoroga mpaka jua likainama. Alinieleza habari za mama yake huko Kakamega, nami nikamweleza za koko. Sikuwa nimeongea hivyo tangu mwaka jana. Nikamwambia sabuni inataka kugeuzwa kila wiki, kwa hivyo awe anakuja.

Wiki ya kwanza alikuja dakika tano, akapiga picha. Wiki ya pili akanitumia ujumbe: "Shosh usijali, nimeona kwa video hata si lazima kugeuza." Na ni kweli, si lazima sana.

Sijamkasirikia. Watoto wa siku hizi wanajua kila kitu, na wanachojua ni kweli. Sisi tulijua machache, lakini kila nilichojua kilikuwa na mtu aliyekaa kando yangu, akinigombeza. Shule niliyoikosa ilinipa koko miaka sita. Mercy amekosa nini? Hana haja ya kukosa.

Sabuni nimeigeuza mwenyewe. Vipande ni kumi na sita. Nilivigeuza polepole, kimoja kimoja, na bado nilimaliza kabla chai haijapoa.