Mgomba wa Mpakani

Mama yangu alikuwa na adui mmoja tu, na alimtunza vizuri. Alikuwa jirani yetu wa upande wa chini, mjane kama yeye, ambaye kibanja chake cha migomba kinapakana na chetu huko Nyaishozi. Katikati ya migomba yao na yetu kuna mstari wa mulamula, mmea ambao kwetu hupandwa kuonyesha mpaka, na mtu mwenye akili zake haung'oi hata akiwa amelewa.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya mgomba mmoja. Uliota katikati ya mstari wa mulamula kabla sijazaliwa, na kila mmoja aliapa kwamba aliupanda yeye. Sasa, mgomba hauna adabu ya mipaka. Ukishakata mkungu, shina lile limekwisha kazi, na linalofuata ni la mtoto aliyeota pembeni. Ukiacha watoto wa upande mmoja tu, mgomba hutembea polepole kuelekea huko. Mama alikata watoto wote walioota upande wa chini ili mgomba uje kwetu. Jirani alikata wote walioota upande wa juu ili uende kwake. Aliyepona ni yule aliyeota katikati kabisa. Kwa hiyo mgomba ule, uliopaliliwa na kuwekewa samadi kutoka pande zote mbili, ulizaa kuliko migomba yote ya kijijini na haukwenda popote.

Waligombana asubuhi, kila mtu akiwa na jembe lake. Lakini kwanza walisalimiana. Mama aliuliza mwenzake ameamkaje, kifua kinaendeleaje, yule binti wa Bukoba amejifungua salama? Jirani naye aliuliza hali ya goti, hali ya mbuzi, hali yangu. Habari zikiisha, Mama alishika kiuno na kusema, "Haya. Nani amekata mtoto wangu?" Kuanzia hapo hata sisi tuliokuwa jikoni tulijua kazi imeanza, tukaenda kuteka maji.

Jumapili walikaa benchi moja kanisani kwa sababu wote wawili walipenda kukaa karibu na mlango. Wakati wa kutakiana amani walishikana mikono kwa nguvu. Dini iliwapatanisha kila wiki kwa muda wa wimbo mmoja. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja mara nyingi kusuluhisha. Mama alimkaribisha sebuleni, akamwekea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, na mwenyekiti alitafuna, akasifu, akaaga. Nadhani alikuwa anaifuata kahawa.

Mimi ni binti yake wa mwisho. Ninauza mitumba Murongo, mpakani na Uganda, na Mama alilichukulia jambo hilo kama ushahidi kwamba huko hakuna chakula. Kila alipopata nafasi alinitumia mkungu wa ndizi na maharage, akiwakabidhi watu wa bodaboda wanaopokezana njiani. Alipiga simu mzigo ukiondoka, ukiwa njiani, na ukifika. "Umefika salama?" aliuliza, na ilinichukua miaka kuelewa kwamba anauliza habari za mkungu. Nikimwambia asijisumbue, ndizi Murongo zimejaa tele, alinijibu kwamba mgomba haushindwi na mkunguwe, kisha akakata simu ili asimalize salio. Nilimpenda sana. Nalisema neno hili waziwazi kwa sababu yeye alikuwa haniruhusu kulisema; nikianza alisema, "Sawa, basi pepeta hayo maharage."

Alipougua hakuinuka tena. Nilifunga kibanda changu, nikaja kukaa naye. Siku moja, nikimnywesha uji, alishika kijiko kwa mkono wake akakizuia.

"Mtanizika mpakani," alisema. "Pale kwenye mgomba."

Nikamwambia kwamba baba yuko juu, karibu na nyumba, na nafasi yake pembeni ya baba ipo.

"Baba yako ana watu wengi kule. Ana mama yake, ana dada zake. Mimi nizikeni chini, nione yule mwanamke anafanya nini. Niahidi."

Niliahidi. Nilidhani nitakuwa na muda wa kumbembeleza abadili mawazo. Akafariki wiki ileile, asubuhi, saa ambayo kwa kawaida alikuwa mpakani.

Watu walikuja kama wanavyokuja kwetu, hakuna aliyekuja mikono mitupu. Kuni, maharage, maji, ndizi. Jirani alifika na mkungu kichwani, mkubwa kuliko yote, akautua kwa wanawake waliokuwa wanamenya. Nilipouona niliujua. Ulikuwa wa mgomba wa mpakani. Mama alikuwa amelala sebuleni, hakuweza kupinga, na watu wakampigia jirani makofi kwa ukarimu wake. Mkungu ulimenywa, ukapikwa, ukaliwa. Ulikuwa mlaini sana. Nilikula sahani mbili nikiwa na hasira.

Sikulia. Hilo lilisemwa sana jikoni, na kwa sauti niliyoweza kuisikia. Ndugu zangu walilia mpaka sauti zikakauka, mimi nikazunguka kutafuta sufuria. Nilikuwa na ahadi kifuani na sikujua niifanyeje, kwa sababu kaburi huamuliwa na wanaume wa ukoo, na wanaume wa ukoo walikuwa wamekwisha kutuma vijana wachimbe pembeni ya baba.

Nilikwenda walikokaa, nikapiga goti, nikawaamkia shikamoo, kisha nikasema alichosema Mama. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yetu, alinitazama kama mtu aliyeletewa chai ya chumvi.

"Mwanangu, mtu hazikwi kwa hasira," alisema. "Tutaambiwa tumemfanya shemeji yetu kuwa mulamula."

"Aliniahidisha, baba."

"Mgonjwa husema mengi. Halafu pale upande wetu ni jabali tupu. Kaburi likichimbwa litaingia kwa jirani. Utamzika mama yako katika shamba la mtu?"

Hapo nilikwama. Jabali lilikuwepo kweli. Nilivunjia jembe pale nikiwa mdogo. Nilibaki nimepiga goti, nikaona wazi kwamba Mama atazikwa juu, na kwamba kitu pekee alichowahi kuniomba kwa ajili yake mwenyewe kimenishinda. Magoti yaliniuma na sikusimama.

Jirani alikuwa anamenya ndizi karibu na pale. Aliweka kisu chini, akajifuta utomvu kwenye kanga, akashika njia ya mpakani. Baba mkubwa alimfuata kwa macho, halafu kwa miguu. Tukafuata wote.

Tulimkuta ameinama. Alikuwa anang'oa mulamula. Alishika shina la kwanza kwa mikono miwili akalivuta mpaka likatoka na udongo wake, akaenda nalo ndani ya shamba lake mwenyewe, hatua ndefu ya mtu mzima, akachimba kwa jembe akalipanda upya. Akarudi kuchukua la pili. Wanaume wa ukoo walisimama wakimwangalia na hakuna aliyejitolea kusaidia, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana ameshika mulamula. Alipomaliza alipumua kwa shida, kifua kile kile.

"Hapo patatosha," alisema. "Hakuwa mnene."

Baba mkubwa alimuuliza, kwa heshima zote, kama ana hakika.

"Nina hakika. Chimbeni." Kisha akanyoosha jembe kuelekea mgomba. "Lakini mgomba ni wangu. Na uwe wangu mbele ya watu wote hawa."

Nami nilisubiri, kama tulivyosubiri sote miaka yote, Mama ashike kiuno na kujibu. Jirani pia alisubiri. Nilimwona, aligeuza kichwa kidogo kuelekea nyumbani kwetu, kama mtu anayetega sikio. Hakuna aliyejibu. Hapo ndipo nililia, nikalia vibaya, na wanawake wa jikoni wakaridhika.

Tulimzika pale. Watu wa kijijini wanasema alishinda kesi akiwa amekufa, maana alipata ardhi ambayo mwenyekiti hakuwahi kumpa. Mimi nakwenda Nyaishozi kila nikipata mtu wa kuniangalizia kibanda. Napalilia kaburi, ingawa mara nyingi nakuta limeshapaliliwa, na jirani anasema hajui ni nani.

Safari ya mwisho nilikuwa nimekaa nje na kikombe cha chai nikamsikia huko chini. Alikuwa anamsalimia Mama. Aliuliza ameamkaje. Alimpa habari za binti wa Bukoba, za bei ya kahawa, za mbuzi aliyekula kanga. Kisha akanyamaza, na ukimya ule ulikuwa mrefu kiasi kwamba niliinuka na kikombe changu nikashuka.

Alikuwa amesimama na panga mbele ya mgomba. Mtoto mpya alikuwa ameota upande wetu, kichwani kwa kaburi kabisa, mnene, ambaye zamani angekuwa ameshakatwa. Hakuwa amemkata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za Murongo?"

"Nzuri. Kifua?"

"Kipo." Alimtazama yule mtoto wa mgomba, akanitazama mimi, akalishusha panga. Macho yake yalikuwa mekundu. "Huu mgomba ni wangu," alisema, taratibu, kama anayebisha hodi kwenye nyumba asiyojua kama ina watu.

Niliweka kikombe juu ya jabali. Nikashika kiuno.

"Waitu mama, mgomba ni wetu," nikasema, kwa neno letu la heshima. "Na huyo mtoto ukimgusa tutaonana kwa mwenyekiti."

Alinyooka, akavuta pumzi, akanisema mimi na ukoo wangu wote mpaka chai ikapoa.